Kitunda Anataka Nini? Mwongozo kwa Anayeanza Kuigiza Jukwaani

Mwishoni mwa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, watu wawili wako kifungoni. Vita vya Maji Maji vimewaelemea. Wakubwa wa Kijerumani wanamtaka Kinjeketile atamke jambo moja tu, kwamba yale maji aliyowapa watu yawakinge na risasi yalikuwa uongo. Kitunda, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji na mtu wake wa karibu, anamsihi atamke. Kinjeketile anakataa.

Tuseme umepewa nafasi ya Kitunda. Utafanyaje?

Nimewaona vijana wengi wakilifanyia mazoezi onyesho hili, shuleni na kwenye vikundi vya mtaani, na mara nyingi jibu ni lile lile. Kitunda anapiga magoti, anashika kichwa, sauti inatetemeka, machozi yanatafutwa mpaka yapatikane. Hata mimi nilifanya hivyo nilipopewa nafasi hiyo mara ya kwanza, na nililia kwa dhati. Tulipomaliza, mwongozaji wetu aliniambia, "Umelia vizuri, ila Kinjeketile hukumwambia kitu." Ilinichukua muda kulielewa neno lile. Karibu yote nitakayokueleza hapa yametoka ndani yake.

Kitunda hakuwekwa pale na mwandishi ili alie. Kuna kitu anakitaka, tena kwa haraka: mtu aliye mbele yake afumbue kinywa na kutamka neno litakalomwokoa. Kila sentensi yake ni jaribio la kumpata mtu huyo. Soma maneno yake kwa makini utaona mahali anaposihi, mahali anapohoji, mahali anapokaribia kukaripia. Machozi yakija yatakuja yenyewe, kwa sababu amejaribu kila mlango na kila mlango umefungwa. Hadhira itayaamini, kwa kuwa imeona yalikotoka.

Kitenzi chenye -m-

Mrusi Konstantin Stanislavski, aliyezaliwa mwaka 1863, ndiye aliyeifanya hoja hii iwe somo. Mwaka 1898 yeye na Vladimir Nemirovich-Danchenko walianzisha jumba la maigizo mjini Moscow, na hadi kifo chake mwaka 1938 aliendelea kutafuta njia ya kumwezesha mwigizaji awe mkweli kila usiku, hata usiku ambao moyo wake umepoa. Alichogundua ni kwamba hisia haiamrishwi. Ukijiambia "sasa huzunika", huzuni inakukimbia kama usingizi unavyomkimbia anayejilazimisha kulala. Unachoweza kukiamrisha ni kitendo. Unaweza kuamua kumzuia mtu asipite mlangoni. Unaweza kuamua kumbembeleza mtoto. Ukikifanya kitendo hicho kwa nia kamili, hisia hukufuata.

Basi kabla hujakariri hata mstari mmoja, kaa na kalamu uulize: mhusika wangu anataka nini? Anakitaka kwa nani? Kwa nini leo, si wiki iliyopita? Nani au nini kinamzuia? Andika jibu pembeni mwa ukurasa kwa kitenzi kimoja kwa kila kipande cha mazungumzo. Kitenzi hicho lazima kimguse mwenzako.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kwa njia ambayo lugha nyingi haziwezi. Tazama kama kitenzi chako kinakubali kiambishi cha mtendwa. Kumshawishi, kumtisha, kumtuliza, kumwaibisha, kumchokoza, kumpima: vyote hivi vina mtu ndani yake, na ukivitenda huna budi kumtazama mtu huyo. Sasa linganisha na kuhuzunika, kukasirika, kuchanganyikiwa. Hivi havina nafasi ya -m-. Vinakufungia ndani yako mwenyewe, na mwenzako anabaki amesimama kama nguzo akingoja umalize. Ukiona pembeni mwa ukurasa umeandika "hapa Kitunda anahuzunika", futa. Andika "anamsihi", na mistari mitatu chini, anapokataliwa, andika kingine. Kubadilika kutoka kitenzi kimoja hadi kingine ndiko kunakoipa hadhira hamu ya kujua kitakachofuata. Kitunda anayesihi kwa namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho atawachosha watazamaji hata kama sauti yake ni ya dhahabu.

Jaribu pia kutazama tamthilia nzima, na sio onyesho hilo pekee. Kitunda anataka nini tangu anapoingia mara ya kwanza? Wengi wetu tunaandaa kila onyesho peke yake, likawa zuri, kisha yote yakiunganishwa mtu yule yule anaonekana kama watu watano. Lazima pawepo uzi mmoja unaopita katikati. Kwa upande wa Kitunda, mimi nauona uzi huo katika shaka yake: ni mtu anayemheshimu Kinjeketile, na wakati huo huo anayataka mambo yapimwe kwa akili. Wewe unaweza kuuona kwingine. Ilimradi uwe nao, na uweze kuuonyesha ndani ya maneno ya mwandishi.

Silabi ya -nge-

Stanislavski alizungumzia pia mazingira ambayo mwigizaji anapewa na mwandishi: nani, wapi, lini, nini kimetokea kabla pazia halijafunguliwa. Alimtaka mwigizaji ajiulize, kama mimi ningekuwa katika hali hii, ningefanya nini? Swali zima hilo Kiswahili kimelibeba katika silabi moja. Usijiambie "mimi ni Kitunda", kwa maana si kweli na mwili wako unajua si kweli. Sema "ningekuwa", kisha fuatilia "ningefanyaje" kwa uaminifu.

Ili -nge- hiyo ifanye kazi inahitaji chakula. Soma kuhusu Umatumbi ya mwaka 1905, kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba, viboko, maakida, kodi. Kaa siku moja na njaa ya kawaida uone inavyobadilisha namna unavyozungumza na ndugu yako. Ila uwe na hadhari. Kinjikitile Ngwale wa historia, aliyeishi Ngarambe, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya mapigano kuanza, na vita vikaendelea bila yeye hadi mwaka 1907. Kinjeketile wa jukwaani anaishi hadi anaona kushindwa. Hussein mwenyewe alieleza kwamba mhusika wake ni kiumbe cha sanaa, hakufungwa na mtu wa historia. Kwa hiyo historia ikulishe, lakini ukipanda jukwaani mwenye amri ni maandishi. Nimeona mwigizaji aliyesoma vitabu vingi akileta jukwaani mtu ambaye hayumo katika tamthilia, na wenzake wote wakakosa wa kuzungumza naye.

Sauti, na mwisho wa neno

Sehemu kubwa ya kumbi zetu hazina vipaza sauti vya kutegemewa. Tunaigiza katika mabwalo ya shule, chini ya miembe, kwenye viwanja ambako pikipiki inapita katikati ya kilio cha mama mzazi. Mvua ikipiga mabati, umekwisha. Ndiyo maana sauti inastahili muda mrefu kuliko jambo lolote jingine katika mazoezi yako, na ndiyo maana inanisikitisha kuona vikundi vikiiachia wiki ya mwisho.

Anza na pumzi. Lala chali, weka kitabu juu ya tumbo, vuta pumzi kitabu kipande, toa pumzi kitabu kishuke. Kifua na mabega vitulie. Kinachofanya kazi ni kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Ukishazoea, toa pumzi huku unatamka "aaa" bila kukaza koo, na uhesabu sekunde. Fanya hivyo kila asubuhi kwa mwezi mmoja. Atakayepiga kelele kwa koo atakuwa amepoteza sauti usiku wa pili, na atakuwa ameanza kuchosha masikio ya watu usiku wa kwanza.

Kisha njoo kwenye lugha yenyewe. Kiswahili kina irabu tano, zote wazi, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Hiyo ni neema kwa mwigizaji, kwa sababu irabu ndiyo inayosafiri hadi viti vya nyuma. Lakini kuna mtego. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na baada ya mkazo watu hupumzika. Silabi ya mwisho inamezwa. Katika mazungumzo ya barazani hakuna hasara, maana msikilizaji yuko karibu. Jukwaani hasara ni kubwa, kwa kuwa mwisho wa kitenzi cha Kiswahili ndipo mambo yanapoamuliwa. Alipiga, alipigwa, alipigia, alipigana: mzizi ni ule ule, mwanzo ni ule ule, na aliyeumia anajulikana kwa herufi mbili tatu za mwisho. Mjumbe akiingia mbio jukwaani na kusema "wameua", halafu aliyekaa nyuma akasikia "wameuawa", watazamaji wa mbele na wa nyuma watakuwa wanatazama vita viwili tofauti.

Mwanzo wa kitenzi nao una siri yake. Nitakwenda na sitakwenda zinatofautiana kwa konsonanti moja. Nilijua, sikujua. Mwigizaji anayeingia kwenye sentensi bila pumzi ya kutosha anaipoteza silabi ya kwanza, na kumbe ndiyo iliyobeba kukataa kote. Vuta pumzi kabla ya kitenzi, usivute katikati yake.

Zoezi ni hili. Msimamishe mwenzako upande wa pili wa uwanja, umpe mgongo. Soma ukurasa kwa mnong'ono wenye nguvu, bila kutumia sauti kabisa. Kazi yake ni kurudia kila kitenzi alivyokisikia. Atakapokosea, usimlaumu masikio. Rudia, ukiifikisha silabi ya mwisho mpaka kwake. Baada ya dakika kumi utahisi midomo na ulimi vimechoka. Sasa soma kwa sauti ya kawaida. Utashangaa ulikuwa unaacha maneno mangapi njiani.

Mambo ya kasi na kituo nayapitia kwa haraka, kwa sababu yanajirekebisha yenyewe mwigizaji akijua anachotaka. Kumbuka tu kwamba katika kila sentensi kuna neno moja lililo jipya, ambalo mwenzako hakulijua kabla hujalisema. Hilo ndilo lipewe uzito. Ukiyapa maneno yote uzito sawa, unahubiri. Ukitaka kujipima, chukua hotuba ya Antonio kwa wananchi wa Roma katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar ya Shakespeare, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Pale Antonio hawezi kusema wazi anachotaka. Anawageuza watu kidogo kidogo, na asiyejua neno jipya liko wapi atapotea kabla ya mstari wa kumi.

Kusikiliza

Hapa ndipo ninapowapima waigizaji, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mwigizaji aliyekariri vizuri anaweza kusimama akimtazama mwenzake machoni, na bado asimsikie. Anangoja neno la mwisho la mwenzake ili aanze lake. Hadhira inalitambua hilo hata kama haiwezi kulieleza.

Njia rahisi ya kujirekebisha: wakati wa mazoezi, kabla hujasema mstari wako, rudia maneno mawili matatu ya mwisho aliyoyasema mwenzako, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawa. Kisha sema wako. Fanyeni onyesho zima hivyo. Litakuwa refu na la kuchekesha, na katikati yake utagundua maneno ambayo umeyasikia mara thelathini bila kuyaelewa. Halafu ondoeni marudio hayo, lakini kile kipande cha muda wa kusikia kibaki.

Kwa sababu hiyo hiyo, usikariri peke yako mbele ya kioo. Kioo kinakufundisha kujitazama, na ukijitazama humtazami mtu unayemtaka. Kariri na mtu. Kariri ukitembea, ukichota maji, ukikunja nguo. Mwenzako aseme mistari yake kwa ukali leo na kwa upole kesho, na wewe uruhusu mstari wako ubadilike. Ukikariri maneno pamoja na mlio wake, mlio huo utaganda, na siku mwenzako akisema tofauti utakuwa unajibu swali ambalo hakuliuliza.

Mwili na msimulizi

Mikono ikikusumbua jukwaani, hukosi mikono, umekosa kazi ya kufanya. Mtu anayemtaka mwenzake husogea; anayeogopa hurudi; anayeficha hugeuka. Acha miguu ifuate kitenzi kabla mwongozaji hajakupangia pa kusimama, kisha yeye asahihishe ili uso wako uonekane na usimzibe mwenzako. Vifaa uvianze mapema. Kanga unayotakiwa kujifunga, jembe unalotakiwa kubeba, mtungi: vitu hivi vina uzito, na mwili unaovifahamu huonekana kwa umbali wa mita ishirini. Mwigizaji anayekutana na jembe lake siku ya kuonyesha mchezo atalishika kama mgeni.

Cheza ngoma. Nasema hivi kwa uzito wote. Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, anayesomea maigizo hakai mbali na ngoma, muziki na sarakasi. Ni utaratibu wenye busara. Anayecheza ngoma anajua mguu unavyobeba uzito na kimya kinavyoingia kati ya mapigo mawili.

Urithi wetu mwingine ni msimulizi. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi za Hussein, zilizochapishwa pamoja mwaka 1976, zimejengwa juu ya sauti ya mtambaji. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando, Bi Msimulizi anazungumza na watazamaji moja kwa moja huku wanawake wakihangaika kuisimamisha nguzo yao. Ukipewa kazi ya namna hii usiitazame hadhira kama ukungu. Chagua mzee mmoja mstari wa pili, msichana mmoja pembeni, kijana aliyeegemea mlango, na umwambie kila mmoja sentensi yake. Sheria ya kitenzi inabaki pale pale, ila -m- inakuwa -wa-: unawachokoza, unawaonya, unawahoji. Na unapoingia ndani ya mhusika na kutoka, badilisha jambo moja tu, labda mgongo, labda kasi ya pumzi. Mtambaji mzuri wa hadithi hahitaji kubadili nguo ili awe sungura.

Watu waliokuja kutazama

Hadhira yetu haikai kimya. Inajibu, inaonya, inapiga vigelegele, na wakati mwingine inacheka mahali ambapo ulitarajia ilie. Usigombane nayo. Kicheko cha kawaida kikija, kiache kipande, na kinapoanza kushuka ndipo uendelee. Ukisubiri kiishe kabisa umepoteza mwendo, ukisema juu yake umepoteza maneno. Kicheko kinachokuja kwenye uchungu kina sababu mbili. Huenda watu wameona uchungu mzito mno wakatafuta pa kupumulia. Au wamemwona mwigizaji akionyesha uchungu badala ya kutenda jambo. Katika hali zote mbili dawa ni moja: mrudie mwenzako, mtake zaidi, punguza sauti. Nimeshuhudia ukumbi wa wanafunzi mia kadhaa ukinyamaza namna hiyo, kwa sababu tu mwigizaji alikataa kuacha kumwambia mama yake alichokuja kumwambia.

Jambo moja la usalama, tena zito. Kofi, kamba ya shingoni, kuanguka, na maonyesho ya kupandwa na pepo kama lile la Kinjeketile anapozungumza kwa nguvu za Hongo, yafanyiwe mazoezi polepole, hatua kwa hatua, kwa namna ile ile kila mara. Kubalianeni ishara ya kusimamisha, na yeyote akiitoa, kila mtu asimame bila maswali. Baada ya mchezo nawa uso, vua maleba, itaneni kwa majina yenu halisi. Vijana wanaojitolea kwa moyo wote wanastahili kulindwa, na mwongozaji asiyelijali hili hafai kuachiwa kikundi.

Siku yenyewe, kula mapema, kunywa maji, fika wakati viti bado vitupu. Tembea jukwaa zima. Kaa kwenye kiti cha mbali kuliko vyote, mwombe mwenzako aseme mstari mmoja kutoka jukwaani, kisha mbadilishane. Hapo utajua sauti ifike wapi.

Lakini hayo ni ya siku hiyo. Leo tafuta mtu mmoja na tamthilia moja, mchague ukurasa mmoja wenye watu wawili. Someni, andikeni vitenzi vyenu pembeni bila kuonyeshana, kisha simameni muuigize. Mkimaliza, muulize mwenzako, "Nilikuwa nakufanya nini?" Akikitaja kile kitenzi ulichokiandika, fungueni ukurasa wa pili. Asipokitaja, rudieni huo huo.